Soli ya Kushoto

Babu yangu alikuwa na kichwa kigumu kabla hajavunjika mguu, na mguu ulipovunjika kichwa kilibaki salama salimini. Nasema hivi mapema ili mtu asije akaniona namsengenya mgonjwa. Namsema kwa sababu nampenda, na kwa sababu mzee yule alinitia hofu ambayo mpaka leo haijanitoka. Nikisikia mtu anapita barabarani kwa kishindo cha namna fulani, vidole vyangu vinasimama kichwani mwa mteja, na mteja huuliza kama nimemaliza.

Mimi ni msusi. Saluni yangu ni chumba cha mbele cha nyumba ya babu na bibi walionilea, na babu alikuwa fundi viatu kwenye baraza ya nyumba hiyo hiyo. Mtaa mzima ulimwita Gundi. Vidole vyake havikuwahi kuishiwa gundi, na akikaa mahali habanduki. Alikaa kwenye kigoda kifupi, magoti yakikaribia masikio, kiatu kimebanwa katikati ya mapaja na misumari imejaa mdomoni. Ukimwamkia asubuhi alikuitikia kwa kichwa mpaka misumari iishe.

Hakuwa mtu wa kutazama nyuso. Mteja wangu akipanda baraza, babu alikuwa ameshamsoma kuanzia chini. "Huyo anayeingia kisigino cha kulia kinamuuma," alininong'oneza, na kweli nikimwosha yule mama nywele nilimwona amevua kiatu cha kulia. Sifa yake kubwa ilikuwa viatu vya watu wenye mguu mmoja mfupi. Walimfuata kutoka mitaa ya mbali. Aliwaongezea soli ndani kwa ndani, akaizungushia ngozi ubavuni usione kiungo, na mtu aliyekuja akichechemea akaondoka amenyooka. "Nikishakutengeneza mimi," aliwaambia, "hata mama mkwe wako hatajua."

Siku aliyoanguka hakuanguka kutoka mahali pa juu. Alikuwa anainuka kigodani. Mguu ulikuwa umekufa ganzi kwa kukaa, akakanyaga kipande cha mpira, akaenda chini kwa ubavu wa kushoto juu ya saruji. Sikusikia kelele. Nilisikia nyundo ikibingirika. Nilitoka na chanuo mkononi nikamkuta amelala chali anatazama dari ya baraza, mguu wa kushoto umegeukia nje kabisa, vidole vinaelekea ukutani.

"Mchumba," aliniambia, maana ndivyo alivyoniita tangu sijaota meno, "hebu pima. Mguu huu umepungua."

Nilitazama. Visigino havikuwa sawa. Nilitaka kulia, lakini yeye alikuwa ananitazama kama anayengoja jibu la kikazi, kwa hiyo nikasema ndiyo, umepungua, na bibi ndiye aliyelia kwa niaba yetu wote.

Hospitalini walimpiga picha. Mfupa wa paja ulikuwa umevunjika juu kabisa, chini kidogo ya nyonga, pale unapokunja shingo kwenda kuingia kwenye kikombe chake. Daktari wa mifupa alikuwa mwanamke mwembamba mwenye sauti ya chini, akamwamkia babu kwanza ndipo akaeleza. Alisema mfupa huo ukiachwa uunge wenyewe, mzee atalala kwa majuma mengi, na mzee akilala hivyo mapafu hujaa, damu huganda miguuni, mgongo huota vidonda. Wengi hawainuki tena. Kwa hiyo wangempasua na kumfunga bamba la chuma ubavuni mwa mfupa, na skrubu moja nene ingepanda kupitia shingo mpaka ndani ya kichwa cha mfupa, kushika vipande pamoja.

"Kama msumari wa kisigino," babu alisema.

"Kama msumari wa kisigino," daktari akakubali.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Kesho yake tu akaja kijana wa mazoezi ya viungo, akamsimamisha kwa fremu. Bibi alipandisha mori. Mtu kachanwa jana, leo mnamsimamisha, mna roho gani? Yule kijana alimjibu kwa adabu kwamba kitanda kimewaua wazee wengi kuliko visu vya madaktari, na bibi akawa anamtazama kwa jicho baya mpaka tulipotoka hospitali.

Kwenye kitanda cha jirani alilala mzee mwenye redio ndogo. Naye alikuwa amefungwa chuma, mahali pengine, siku nyingi nyuma, kikalegea. "Mimi nimerudishwa darasa," alituambia, na kucheka mpaka akakohoa. Yeye na babu walipatana haraka. Walisikiliza mpira pamoja, walimteta muuguzi mnene, waliahidiana kutembeleana. Asubuhi moja walimchukua kwenda kupasuliwa tena. Aliiacha redio chini ya mto ikiwaka, akasema babu amwambie matokeo akirudi.

Mchana aliingia muuguzi peke yake. Akatandua shuka, akalikunja, akaanza kulifuta godoro kwa kitambaa chenye dawa. Redio ilikuwa bado inaongea. Muuguzi akaizima, akaitia kwenye mfuko pamoja na kandambili za yule mzee, akatoka bila kutuangalia. Hakuna aliyetuambia lolote, na hatukuuliza. Babu aligeuza uso ukutani akabaki hivyo mpaka chakula cha jioni kilipopoa.

Siku ya kuruhusiwa yule kijana wa mazoezi alitupa maelezo. Mfupa ukijikalisha kwenye chuma, mguu unaweza kupungua kidogo, si ajabu. Akiona anachechemea, fundi amwongezee soli. "Lakini mzee wangu, kliniki uje upigwe picha. Na mguu ukiendelea kupungua, au kinena kikianza kuuma, usingoje siku ya kliniki. Uje siku hiyo hiyo."

"Fundi ndiye mimi," babu alisema, na sisi sote, pamoja na muuguzi mnene, tukaangua kicheko. Laiti ningejua nilichokuwa nachekea.

Bibi alimnunulia ndara za waridi kwenye lango la hospitali, kwa kuwa viatu vyake tulivisahau nyumbani. Babu alichukizwa mno na rangi yake. Hata wiki haikwisha nyumbani, akaomba kiatu chake cha kushoto na kisu. Alipokivaa alitembea na fremu sebuleni, mabega yamelingana, na bibi akapiga kigelegele kidogo cha chini kwa chini. Ndara moja ya waridi sikuiona tena. Nilidhani ameitupa kwa kuichukia.

Mimi nami siku zile nilikuwa nimebadilisha zulia la saluni. Lile la zamani lilikuwa linateleza, nikaweka la mpira wa kijani, nene, ili babu asije akaanguka akipita kwenda barazani. Nikabakiwa na kipande, nikakisimamisha nyuma ya mlango. Siku mbili tatu baadaye hakikuwepo. Nani angeshughulika na kipande cha mpira? Nikasahau.

Siku ya kliniki ilipofika nilikuwa nimefunga saluni na kuvaa. Babu alikuja mbele ya kioo changu kikubwa, akaweka fremu pembeni, akatembea kwa mkongojo kutoka mlangoni hadi kwenye drai ya kukaushia nywele na kurudi.

"Niambie kasoro," alisema.

Nilimkodolea macho. Sikuiona.

"Basi naenda kufanya nini? Hospitali ni kama sisi mafundi. Mpelekee fundi kiatu kizima, atakwambia soli imechoka."

"Babu, walisema picha."

"Picha ya nini, na mimi huyu hapa?"

"Mwache mzee apumzike," bibi alisema kutoka jikoni. "Unamwona mwenyewe anavyokwenda."

Nilipandwa na hasira. Nilimwambia kwamba ana kiburi, kwamba yule kijana hakusema kwa kujifurahisha, kwamba akianguka tena atabebwa na huyo bibi anayemtetea. Yeye akanijibu kwa upole, jambo ambalo si kawaida yake, kwamba nisiharibu nguo nzuri kwa jasho la hasira. Kisha akapita, kliniki ikaishia hapo, na nikasikia hatua zake barazani. Cha, halafu ndu. Cha, halafu ndu. Mguu wa kulia ulikuwa na sauti ya kiatu. Wa kushoto ulikuwa na sauti ya kitu kizito kinachowekwa chini.

Tangu siku hiyo nikaanza kumsikiliza. Kazi yangu ni ya mikono, masikio yako huru. Kwanza aliniomba niondoe redio saluni. Inamwumiza kichwa, alisema, mtu ambaye zamani alinipigia kelele nikipunguza sauti mpira ukiendelea. Nikaiondoa. Kisha alimwambia bibi ashushe pindo za suruali zake zote, eti ufupi huu wa suruali ni wa vijana. Bibi akashusha, akifurahi kwamba mumewe ameanza kujipenda uzeeni.

Halafu kandambili za bibi zikapotea, zile za bluu za kuogea. Bibi alimlaumu mbwa wa jirani, akaenda mpaka kwa mwenye mbwa, wakajibizana mlangoni. Alipokosa ushahidi akanigeukia mimi.

"Mke mwenzangu," aliniambia, "kama umewapa wateja wako, sema tu."

Babu alikuwa pale anakula. Hakuinua uso kutoka kwenye sahani.

Kuna siku niliusikia mguu wenyewe. Alikuwa anavuka kizingiti cha saluni, na ndani ya nyonga yake kikalia kitu, kama mtu anayevunja kijiti kikavu ndani ya kitambaa. Papo hapo akakohoa. Nikamtazama kwenye kioo, naye akanitazama kwenye kioo hicho hicho, akakohoa tena ili nione kwamba ni kikohozi. Mteja wangu aliuliza kama mzee ana mafua. Niliitikia ndiyo.

Akawa anameza vidonge vya maumivu na kuvificha kwenye kopo la misumari. Akiinuka, aliinuka akiwa amegeukia ukuta, tusione uso. Mchana wateja wakipungua alifunga mlango mdogo wa baraza, nikasikia kisu kikikata mpira, na baada ya hapo harufu ya gundi. Kesho yake alikuwa amenyooka kuliko jana. Majirani walimsifu. Wengine waliwaleta wazee wao wamwone, wapate moyo. Bibi alisimama mlangoni akipokea sifa hizo kama vile zilikuwa zake. Nilijaribu kusema naye. Aliniambia nina roho ya uchuro, nitafute mume nipate cha kunishughulisha.

Nilianza kuogopa kunyooka kwake. Sijui niseme vipi ili nieleweke. Mgonjwa anayechechemea unajua yuko wapi. Yule aliyetembea mbele yangu hakuwa na mahali ambapo ningeweza kumshika, na kiatu alikivaa kabla hajakanyaga sakafu, asubuhi, kitandani, bibi akiwa bado anatafuta khanga yake. Akilala alikivua mwisho, akakisukuma uvunguni kwa mkongojo.

Mvua ndiyo iliyomwumbua. Ilinyesha kutwa, mtaro ukaziba, na maji yakapanda baraza. Nilikuwa namsuka mteja nikaona maji yanaingia chini ya mlango, nikapiga ukelele kwamba ngozi za babu zinaelea. Babu alikuwa amejilaza. Ngozi zile alizipenda kuliko sisi. Akatoka mbio. Alitoka peku.

Hatua ya kulia ilikuwa sawa. Ya kushoto alizama. Bega lilishuka, kiuno kikaenda upande, mkono ukatafuta ukuta. Ilikuwa kama kumwona mtu anakanyaga shimo, isipokuwa sakafu ilikuwa tambarare, zulia langu la kijani likiwa chini yake. Akapiga hatua nyingine, akazama tena. Mteja wangu alishika mdomo. Bibi alikuwa amefika mlangoni na ufagio, na ufagio ukamtoka mikononi.

"Babu," nilisema, "mguu umekwenda wapi?"

Alisimama kwa mguu wa kulia, ule wa kushoto unaning'inia vidole tu vikigusa maji, umegeukia nje kama siku ile ya kwanza.

Daktari yule yule mwembamba aliiweka picha mpya penye mwanga. Hata mimi niliona. Ile skrubu ilikuwa imepasua kichwa cha mfupa ikatokeza juu, na mfupa wenyewe umeinama, umeporomoka juu ya chuma.

"Fundi," daktari alisema taratibu, "msumari umetokeza ndani ya kiatu."

"Naona," babu alisema.

"Na umeutembelea."

"Nimeutembelea."

Daktari akavuta kiti. Alisema chuma lazima kitoke. Kama skrubu imetokeza majuzi tu, atabadilisha kile kichwa cha mfupa peke yake, aweke cha chuma, iwe kazi ya wastani. Kama imetokeza zamani, basi kwa kila hatua imekuwa ikikwangua kikombe cha nyonga. Hapo itabidi abadilishe vyote viwili. Hiyo ni operesheni ndefu, ya damu nyingi, na kikombe chenyewe hospitali haikuwa nacho, ilibidi kiagizwe. Picha haikuweza kumwonyesha kila kitu. "Kwa hiyo niambie ukweli, mzee wangu. Mguu ulianza lini kupungua? Nisije nikakufungua nimejiandaa kwa dogo nikakuta kubwa. Hapo ndipo wazee wanaponifia."

"Juzijuzi tu," babu alisema. "Baada ya mvua kuanza."

Alisema akimtazama usoni, yeye asiyetazama nyuso. Nikajua anadanganya. Lakini kujua si kuthibitisha, na bibi alikuwa anaitikia kwa kichwa kukubaliana naye, maana kweli yeye hakuona lolote kabla ya mvua.

Nilirudi nyumbani. Nikaingia uvunguni nikakitoa kile kiatu. Sikuwahi kukishika. Kilikuwa kizito mpaka kikanishtua, na kilikuwa kizuri. Ile ngozi nyeusi aliyoizungushia ubavuni haikuwa na mshono unaoonekana. Nilichukua kisu chake, nikakaa kwenye kigoda chake, nikabana kiatu mapajani kama alivyofanya yeye, nikaikata ngozi.

Chini kabisa, kipande cha mwisho kuwekwa, kulikuwa na tairi. Nikaing'oa. Juu yake mpira wa bluu, na kwenye mpira huo bado ulionekana mkwaruzo wa kisigino cha bibi. Nikamwomba radhi mbwa wa jirani moyoni. Nikaingiza kisu tena. Kilichofuata kilikuwa kijani.

Nilikaa nacho mkononi. Nyuma yake, karibu na mguu kabisa, kulikuwa na waridi, ile ndara ya lango la hospitali. Hiyo aliruhusiwa. Hiyo ilikuwa ile "kidogo" ya yule kijana. Lakini kijani kilipotea nyuma ya mlango kabla ya siku ya kliniki. Siku ile aliponiambia nimtajie kasoro mbele ya kioo, alikuwa tayari amesimama juu yake. Tangu wakati ule mguu ulikuwa unakwenda na yeye anaufuata kwa soli. Nililia pale barazani mchana kweupe, watu wakipita, na sikujali.

Nilivibeba vipande vyote katika mfuko wa saluni. Wodini nikavipanga juu ya shuka lake, kimoja kimoja, kuanzia waridi. Bibi alipoiona ile bluu akaitwaa, akaupapasa ule mkwaruzo wa kisigino chake.

Babu alivitazama. Akagusa ukingo wa tairi kwa kidole.

"Umeharibu kazi nzuri," alisema.

"Kwa nini, babu?"

"Si unakijua kitanda kile?" Alielekeza kidevu upande wa pili wa chumba. Hakikuwa chumba kile cha zamani, lakini nilielewa. "Redio ilikuwa bado inaongea, mchumba. Yeye keshakufa, na watu wanatangaza mpira. Nilijiambia wakinifunga mara moja basi, mara ya pili siingii. Sitarudishwa darasa. Mguu ulipoanza kwenda nikasema nitaushika. Nimewashikia watu wangapi?"

"Hao miguu yao ilikuwa imeshatulia."

"Najua," alisema. "Najua hilo kuliko wewe. Kila nilipobandika kipande nilijua."

Bibi alimshika mkono wenye gundi akaushikilia. Mimi nikaenda kumwita daktari. Babu akamwambia yote mwenyewe, akionyesha vipande: hiki lini, hiki lini, hiki maumivu yalipokuwa hapa, hiki nilipoanza kusikia mlio. Daktari alisikiliza bila kumgombeza. Alimwambia kwamba yule mzee wa redio alikuja chuma kikiwa kimezungukwa na usaha, damu yake imeshachafuka, na kwamba kila mtu ana kesi yake. Hakumwambia kwamba yeye atapona. Aliagiza kikombe, akaagiza damu, akatutaka sisi ndugu tutoe yetu.

Operesheni ilimaliza sehemu kubwa ya siku. Alirudi akiwa na rangi ya majivu. Kifua kikajaa, homa ikapanda, akawa anaongea na watu tusiowaona akiwauliza saizi ya mguu. Kwa siku kadhaa alichungulia kaburi, na kila muuguzi alipokaribia kitanda chake akiwa na shuka mkononi, mimi nilisimama katikati. Halafu asubuhi moja akafumbua macho, akaniambia nywele zangu zinatia aibu kwa msusi.

Yuko hai. Lakini siwezi kusema amerudi. Nyonga mpya haitaki akae chini. Akijikunja sana inaweza kuchomoka, kwa hiyo kigoda tumekitundika ukutani, naye anakaa barazani kwenye kiti kirefu kama mgeni. Kiatu hakibaniki mapajani tena. Anashona mikanda na kamba za viatu kwenye meza, vitu vidogo. Anatembelea fremu, na ataitembelea mpaka mwisho, daktari hakumficha. Miguu imelingana. Kliniki anakwenda kabla ya siku yake, anagombana nao wampige picha.

Wiki chache zilizopita alikuja mama muuza mayai. Ni mama mcheshi, anapita mtaani na trei zake mkononi, zamani alikuwa akianguka hovyo na kutucheka tukimwonea huruma. Alipanda baraza akavua kiatu cha kushoto.

"Gundi, niongezee kidogo tu. Kimeanza tena kunisumbua."

Babu alikipokea. Alikigeuza, akakipima uzito mkononi, na nikaona uso wake unabadilika.

"Nani alikuongezea hizi?"

"Fundi wa sokoni. Wewe si ulikuwa unaumwa?"

"Walikufunga chuma?"

"Mwaka jana. Nyonga. Nimepona kabisa, nakwambia, naruka mitaro."

"Vua na cha pili, mwanangu. Simama peku."

Alisimama. Niliacha kusuka. Nilijua nitaona nini na bado sikuwa tayari. Alizama upande wa kushoto, akashika nguzo, akacheka.

Babu alimweleza. Sijawahi kumsikia akiongea kwa urefu vile. Alimwambia msumari unavyotokeza ndani, alimwambia vidonge, mlio, waridi na kijani, akamwita bibi alete vile vipande. Alimwomba aende hospitali siku hiyo hiyo, mayai yote bibi atayanunua. Yule mama alisikiliza akitabasamu, kama unavyomsikiliza mzee mgonjwa ambaye hutaki kumkatisha. Kisha akatwaa kiatu chake.

"Umeugua sana, fundi," alisema. "Umekuwa daktari." Akashuka, akashika njia ya sokoni.

Jana mchana nilikuwa namsuka mteja nikasikia barabarani. Cha, halafu ndu. Vidole vyangu vikasimama. Nilitoka barazani, nikamkuta babu ameshasikia; ameshika fremu kwa mikono miwili, amejiinua nusu kutoka kwenye kiti. Mama muuza mayai alikuwa anapita upande wa pili, trei mkononi, gauni refu linafagia vumbi, mabega yamelingana, hata yai moja halitikisiki.

"Tazama anavyotembea vizuri," bibi alisema mlangoni.

Babu alimwita. Alimwita kwa sauti yote aliyokuwa nayo, mpaka akakohoa. Yule mama akageuka, akadhani anasalimiwa, akapunga mkono, akaendelea na njia yake.